Nazi ya Bibi, kuku wa jirani

Desemba 2009 nilirudi Pangani likizo nikiwa na begi la nguo na madaftari matatu ya sheria. Nilikuwa mwaka wa kwanza Mlimani, sijafikisha hata miezi mitatu darasani, lakini mtaani kwetu nilikuwa nimeshahitimu zamani. "Wakili karudi," muuza kahawa alitangaza aliponiona natokea stendi, na kuanzia siku ile kila nikipita pale barazani kwake lazima niulizwe swali.

Wazee wale hawakuwa na kesi hata mmoja. Walikuwa na muda, kahawa chungu na kashata. Mwizi akiingia kwangu usiku akatumbukia kisimani, namlipa mguu wake? Fedha ikiingia kwenye simu yangu kwa makosa nikanunulia mchele, nani mwizi, mimi au kidole cha aliyetuma? M-Pesa ilikuwa imeingia nchini mwaka uliotangulia, na swali hilo lilirudi kila jioni, kila mzee na sura yake mpya. Mimi nilijibu yote. Aibu ninayoiona sasa nikikumbuka! Nilikuwa naanza na "kwa mujibu wa", nimekunja nne, kikombe mkononi.

Jioni moja nikawaambia kuwa Kanuni ya Adhabu inataka kitu kiwe kinahamishika ndipo kiweze kuibwa. Kwa hiyo nazi ikiwa bado imeshika mtini haiibiki; ikishakatika tu, hapo hapo yaibika, hata kama aliyeikata ni mwizi mwenyewe. Mzee mmoja akawaza sana, akasema, "Basi mwizi mwenye akili auhame mtaa, ahamie juu ya mnazi." Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Siku mbili baadaye nazi ikaanguka kweli.

Mnazi ulikuwa wetu. Babu aliupanda kabla mama yangu hajazaliwa, ukaota wima kama minazi mingine, kisha ukaanza kuinamia uani kwa jirani ukifuata mwanga, mpaka ukawa miguu kwetu, kichwa kwao. Usiku ule ilianguka nazi kavu, ikatoboa makuti ya banda la kuku la jirani, ikampata mtetea. Jirani alitoka mbio na kisu, akamuwahi. Kuku aliyekufa kwa kupigwa ni nyamafu, haliwi, na yeye hakuwa tayari kupoteza kuku na kitoweo kwa pamoja. Asubuhi Bibi akachungulia juu ya ua wa makuti, akaona makumbi mapya yametupwa jalalani kwao. Nazi imeshafuliwa.

"Wewe si unasoma sheria?" akaniuliza. "Nazi ile ya nani?"

Swali hilo nilikuwa na jibu lake, na ndilo lililoniponza. Nilimweleza kuwa Uingereza, mwaka 1919, mtu mmoja alichuma matufaha kwenye matawi yaliyovuka mpaka yakaingia kwake, akayauza, na mahakama ikasema matufaha ni mali ya mwenye mti. Na kwa kuwa sheria zetu zilipokea sheria za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kesi ile ilikuwa imewahi kwa mwaka mzima. Kwa hiyo nazi ni yako, Bibi. Ya matufaha Bibi hakuyasikia. Alisikia "ni yako".

Wakati huo sikujua kuwa Kanuni ya Madai ya Wajerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1900, inasema kinyume kabisa: tunda likidondokea kwa jirani huhesabiwa kuwa tunda la ardhi ya jirani. Boma lao limesimama hadi leo pale Pangani. Nazi ile ile ikianguka Berlin ni ya jirani, ikianguka London ni ya Bibi. Ningelijua hilo siku ile labda ningenyamaza. Labda.

Bibi alingoja magharibi, wakati watu wote wako nyumbani, akasimama kwenye ua akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nne kuwa mjukuu wake amekwenda kusoma Dar es Salaam na sheria imesema nazi irudi. Upande wa pili kimya. Jirani alikuwa mtu wa kimya, na watu wa namna hiyo ni hatari kwenye kesi.

Kesho yake baada ya Alasiri alikuja barazani kwa muuza kahawa, jambo asilolizoea. Akanunua kikombe, akakaa mkabala nami.

"Wakili, nauliza tu. Kuna mtu ana mnazi umeinama. Jirani yake akamwambia tangu Ramadhani, tafuta mkwezi aziangue, zimekauka zile. Akamwambia tena baada ya Idi. Nazi ikaanguka, ikaua kuku. Sheria inasemaje?"

Alilitamka kana kwamba anasimulia mambo ya Lamu.

Nilijua jibu. Tulikuwa tumelisoma wiki moja kabla ya likizo: mtu aliyejulishwa hatari ya mali yake akakaa kimya huibeba hasara. Ningeweza kusema "inategemea", neno ambalo mawakili wakubwa huishi nalo maisha yao yote, lakini wazee wote walikuwa wamenikodolea macho. "Anamlipa kuku," nikasema.

Basi baraza ikawaka. Muuza kahawa akasema subiri kwanza, kuku kauawa na nazi au na kisu? Kama kisu kilimkuta hai, nazi imejeruhi tu. Mwingine akamjibu kuwa kisu kililetwa na nazi. Mzee wa siku ile ya mnazi akadakia: sheria si inasema ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais kama mdhamini? Basi kuku alikuwa amelala juu ya ardhi ya Rais, mnazi umesimama kwenye ardhi ya Rais, Rais naye aje alipe. Mmoja akataka kujua kama jirani ni mwizi wa nazi. Hapo nilijitahidi kumwokoa. Nikaeleza kuwa kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kutoijua sheria si kinga, lakini cha 9, kilicho ubavuni pake, kinasema aliyechukua kitu akiamini kwa dhati kuwa ni haki yake, bila nia ya ulaghai, hana hatia. Jirani akaniangalia, akasema taratibu, "Mimi sikuamini kitu. Niliona nazi imo ndani ya kuku wangu, nikaokota vyote."

Nilifika nyumbani habari zimeshafika. Bibi alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi nyingine, hakuinua uso.

"Kwa hiyo jana mimi, leo yeye."

"Bibi, ni maswali mawili tofauti."

"Nauli yako ya kwenda huko kuyasomea imetoka mnazi upi?"

Sikujibu. Nauli ile, na godoro, na ndoo ya kuogea, vilitoka kwenye minazi saba ya uani kwetu, na ule ulioinama ndio uliokuwa unazaa kuliko yote.

Baada ya Isha mtoto wa jirani alibisha hodi, amebeba bakuli lililofunikwa kwa sahani. "Shikamoo Bibi. Baba kasema mle." Akaondoka mbio. Ndani mlikuwa na mapaja mawili na kidari, vimezama kwenye mchuzi mzito wa nazi. Yule mtetea. Na tui, hakukuwa na haja ya kuuliza limetoka wapi.

Bibi alilitazama bakuli muda mrefu. Kisha akaniuliza, na hii ndiyo mara ya kwanza aliniuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, "Nikila hiki, nitakuwa nimekubali yaishe?"

Sheria ya Mikataba tulikuwa tumeshaianza. Inasema wazi kuwa mtu akipokea kilichotolewa pamoja na pendekezo, amelikubali, hata kama hajatamka neno. Nililikumbuka hata lilipoandikwa kwenye daftari, ukurasa wa kushoto, wino wa bluu.

"Hatujafika huko bado, Bibi," nikamwambia.

Akaniangalia kidogo, akavuta birika la maji, akanawa mikono.