Falsafa ilivyotutoa kwenye "chuma ulete" pale mwaloni Kirumba

Niliposomea falsafa chuoni pale Nyegezi, Mwanza, kuna swali niliulizwa mpaka nikalichoka: utaajiriwa wapi? Baba mdogo alikua analiuliza kila sikukuu mbele za watu alafu anajijibu mwenyewe kwamba ningesoma uhasibu ningekua mbali. Sasa leo naeleza hiyo falsafa ilichofanya, maana watu wanadhani ni maneno matupu.

Shangazi yangu anauza dagaa mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa hapohapo Mwanza. Ananunua kwa kilo toka kwa watu wa visiwani, anauza rejareja kwa sado, na kwa miaka aliyokaa pale anajua kabisa gunia likiisha anatakiwa awe na shilingi ngapi. Mwaka jana wakati wa masika hela zikaanza kupungua. Mara elfu ishirini, mara arobaini, gunia lingine halirudishi hata mtaji. Wenzake wakampa jibu siku hiyohiyo, chuma ulete, kuna mtu anakupa noti yake na ile noti inazivuta zako zote.

Ushauri aliopewa bado unanichukiza. Weka ndimu kwenye pochi. Nyunyiza chumvi chini ya meza. Kuna mmoja alishataka na nauli kabisa ampeleke kwa mganga Geita. Ndimu ikawekwa, ikakaa mpaka ikakauka, hela zinapungua vilevile, na yule mshauri akasema hiyo ndimu haikuchumwa siku inayotakiwa. Niliposikia hivo nikamkumbuka mwanafalsafa Karl Popper, aliyesema kwamba dai ambalo hakuna tukio lolote linaloweza kulikanusha halijapimwa hata kidogo. Ndimu ikifanya kazi ni uchawi, isipofanya ni uchawi pia!

Mimi nilikua naangalia tu mpaka siku walipomtaja mtu. Bibi mmoja mjane, anakuja karibu kila siku kununua sado moja, noti amezifunga kwenye pindo la kanga, na macho yake ni mekundu. Hapo nikashtuka kweli. Sisi wa Usukumani tunajua vikongwe wangapi wameuawa kwa kigezo hicho cha macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe miaka yote jikoni. Kuna Sheria ya Uchawi toka 1928, kumtaja mwenzako kuwa mchawi ni kosa, lakini mwaloni nani anaisoma.

Sikumhubiria shangazi. Nilimuuliza maswali, kama Sokrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alivokua akiwauliza watu sokoni Athens kabla hawajamuua 399 KK.

"Shangazi, umejuaje ni yeye?"

"Mwanangu, si kila akija hela zinapungua."

"Na siku asipokuja?"

Akafikiri. "Zinapungua pia."

"Na muuza maji si nae anakuja kila siku?"

"Yule kijana wa watu ana shida gani?"

"Na bibi je, ana shida gani?"

Akaniambia nisimchoshe, lakini kesho yake akaniita mwenyewe, akasema haya, fanya hicho unachotaka kufanya.

Nilichofanya kinatoka kwa John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza aliyeandika kanuni zake 1843. Ukitaka kujua sababu, tafuta hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokua kimoja. Tukanunua magunia mawili kwa mzani mmoja, kilo sawa, moja la dagaa walioanikwa kwenye kichanja, lingine la walioanikwa mchangani. Sado ileile, muuzaji yuleyule, na pochi mbili tofauti, kila gunia na pochi yake. Alafu hii ndio sehemu ninayojivunia mpaka leo: nikamwambia shangazi bibi akija muuzie wa kichanja tu, na kila noti yake iingie pochi ya kichanja. Kama noti zake zinavuta, pochi hiyo ndio ikauke. Ile nyingine haijaguswa na noti yake hata moja.

Magunia yakaisha. Pochi ya kichanja, ambayo bibi aliilisha noti zake kila alipokuja, imetimia. Ile nyingine pungufu, na pungufu sana. Shangazi akahesabu, akahesabu tena, akampa binti yake ahesabu. Mi nikachukua lile gunia la mchangani nikalikung'uta kwenye turubai, mchanga ukamwagika na vichwa vya dagaa na vumbi, nikauweka kwenye mzani mbele ya wale washauri wa ndimu. Kilo nzima nzima za mchanga wa ziwa, zimenunuliwa kwa bei ya dagaa! Na kingine ni unyevu, masika dagaa wanafungwa hawajakauka vizuri, wakifika kwenye gunia lako wanaendelea kukauka na kilo zinaondoka. Mzani unanunua maji na mchanga, sado inauza dagaa peke yake.

Sa hivi shangazi hanunui kabla hajazamisha mkono mpaka chini ya gunia na kusugua dagaa kiganjani, na akiwachukua wa mchangani anawapigia bei ya chini, wengi wanaenda kwa wafuga kuku. Ile meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ilipomfikia juzi akaniambia huyu ananiwekea deni ndani ya sentensi, hela ipi, nilikubali lini? Hilo hakulisoma chuo chochote.

Yule bibi hajui kama alishawahi kutajwa na nimewaomba wote pale wasimwambie. Wiki hii wameniita kwenye kikoba chao, hela hazilingani na daftari na tayari kuna jina linanong'onwa. Nimewaambia jina liwekwe pembeni, waniletee daftari kwanza.