Bibi kanikalia mara tatu ndo nikampata

Juzi nimemaliza kumchora bibi, mara ya tatu hii, na safari hii kila mtu pale nyumbani Kibosho kamtambua hadi mtoto wa jirani. Zile mbili za mwanzo macho nilikua nayaweka juu sana, si unajua tukichora uso tunaona paji kama halina kazi basi tunalifupisha, kumbe ukipima toka utosini hadi kidevuni macho yanakaa katikati kabisa, nusu kwa nusu. Nilinyoosha mkono na penseli, nikafumba jicho moja nikampima bibi pale pale kibarazani, nikaamini.

Saivi naanza na umbo la yai, nakata mstari katikati, alafu upana wa kichwa nagawa macho matano, yani kati ya jicho na jicho linaenea jicho lingine. Pua inaishia nusu ya njia toka nyusi mpaka kidevu, sikio nalo linaenda usawa wa nyusi hadi usawa wa pua. Ila hivyo vipimo ni vya kuanzia tu, bibi yangu jicho la kushoto limeshuka kidogo, ukilinyoosha huyo sio bibi tena.

Sasa kushedi, yani kuweka giza na mwanga, ndo kazi yenyewe. Wengi wakichora mtu mweusi wanashika 6B, ile penseli laini nyeusi sana, wanapaka uso mzima wanasugua na kidole, uso unakua kama masizi, inaniuma kweli. Ngozi yetu inang'aa jamani! Saa 10 jioni nikamkalisha karibu na mlango ili mwanga utoke upande mmoja, kwenye paji, mfupa wa shavu na ncha ya pua palikua panawaka, hapo karatasi nikaiacha karibu nyeupe, kwingine nikapita na HB, penseli ya kawaida isiyo nyeusi sana, taratibu tabaka juu ya tabaka, kwenye kivuli nikaongeza 2B na 4B zenye weusi zaidi, 6B nikaiweka pachache tu, matundu ya pua, mstari wa midomo, chini ya kidevu. Ile sehemu nyeupe ya jicho nayo usiiache nyeupe pee, kope ya juu inaitupia kivuli, ukikisahau mtu anaonekana kashtuka. Mikunjo sikuichora kama mistari, kila mkunjo una upande wa giza na upande wa mwanga, ule wa mwanga niliutoa na kona ya raba niliyoikata kwa wembe.

Bibi kaiangalia muda mrefu, akaweka kidole juu ya nyusi kwenye picha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hili kovu nani alikwambia?" Hakuna aliyeniambia, nililiona tu pale mlangoni.