Kuchagua Tarantula wa Kwanza kwa Mtu Anayeogopa Buibui

Katika buibui, sikuwahi kuogopa sumu hata siku moja. Kilichokuwa kikinishtua ni ule mwendo wa ghafla, miguu minane inayokimbia ukutani kabla jicho halijatambua imeelekea wapi. Kwa sababu hiyo, nilipoamua kufuga tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, hapa Uingereza ninapoishi, jambo la kwanza nililolitazama ni kasi yake, na rangi nikaiweka nyuma kabisa.

Wafugaji huwagawa tarantula katika makundi mawili makubwa. Wale wa mabara ya Amerika wengi wao wana vinyweleo tumboni, ambavyo wakikasirika huvipangusa kwa miguu ya nyuma vikarushwa hewani. Vikikugusa vinawasha kama upupu, na vikiingia machoni ni balaa, lakini sumu ya wengi wao si kali kwa binadamu. Wale wa Afrika na Asia hawana vinyweleo hivyo, hivyo hutegemea mbio na meno, na sumu yao kwa kawaida huuma zaidi.

Nakiri kwamba moyo wangu ulivutwa na buibui wa kwetu, Pterinochilus murinus, anayepatikana Kenya, Tanzania na kuteremka hadi kusini mwa Afrika, na ambaye wauzaji wa Ulaya humhusisha na Mombasa au Usambara. Ana rangi ya chungwa iliyokolea, anastahimili ukame na anafuma utando mwingi wa kupendeza. Hata hivyo ana kasi ya kutisha, haoni aibu kuinua miguu ya mbele kutaka vita, na aliyeumwa naye huweza kupata maumivu makali pamoja na kukakamaa kwa misuli. Uzalendo una mipaka yake.

Nilibakiwa na watatu. Brachypelma hamorii wa Meksiko, mwenye magoti mekundu, ni mzuri mno, lakini hukua polepole na bei yake ni kubwa. Aidha, biashara ya kimataifa ya jenasi yake, yaani kundi zima la Brachypelma, inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda viumbe pori dhidi ya biashara ya kupita kiasi, kwa hiyo ni muhimu kumnunua aliyezaliwa kwa mfugaji. Grammostola wa Chile ni mtulivu, ingawa anaweza kususa chakula kwa miezi kadhaa, jambo ambalo lingeninyima usingizi bure. Nikamchagua Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye nywele zilizojikunja, mpole, mlaji mzuri na wa bei nafuu. Nilitaka jike, kwa kuwa jike anaweza kuishi miaka 20 au zaidi, ilhali dume akishapevuka hana maisha marefu. Nilikwepa pia vitoto vidogo, kwani ni vyepesi na hujificha, na mtu mwoga anahitaji kumwona mnyama wake ili amzoee.

Kumzoea, kwa maoni yangu, hakuhitaji kumshika. Tarantula hanufaiki chochote kwa kupakatwa, na akianguka hata kutoka kimo kidogo tumbo lake linaweza kupasuka akafa. Mimi humlisha nyenje kwa koleo ndefu, nikiwa nimeketi mbele ya sanduku lake lenye unga wa makumbi ya nazi, kipande cha gome la kujifichia na kisahani cha maji, na kadiri ninavyojua mapema atakachofanya, ndivyo mshtuko unavyopungua.

Anayeanza aelezwe pia habari ya kujivua gamba, maana tarantula hulala chali na mgeni hudhani amekufa. Asiguswe, na nyenje waliobaki waondolewe, kwa sababu wanaweza kumtafuna. Meno yake mapya huwa meupe na laini, kisha huwa mekundu na hatimaye meusi. Yakishakuwa meusi ndipo apewe chakula tena.