Siku moja maishani mwangu: kugawa mbegu Nampula kabla ya mvua

Saa 11 kasoro robo alfajiri

Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo mwezi huu wa Novemba huku Nampula kunakucha saa 11 haijafika. Ndugu zangu wa Masasi wanajua hilo lakini wakipiga simu hunipigia tu. Maji ya bomba hutoka usiku wa manane, yakitoka. Ndoo nilizokinga jana zinatosha kuoga na kubandika chai. Kifungua kinywa nanunua kwa mama wa kona: mkate uliopasuliwa katikati ukashindiliwa bajia za kunde. Kwa mkate Wamsumbiji sibishani nao. Chai ndiyo bado hawajaiweza.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya miradi ya kanisa la Kianglikana, na mshahara wangu unatoka kwenye shirika dogo la hisani la Uingereza linalosaidia makanisa ya Kianglikana ya huku na jamii zinazoyazunguka. Usiwaze magari meupe yenye antena. Shirika letu lina wadhamini wachache wa kujitolea, wengi wao wastaafu, lina mhazini mkali, na lina waumini wanaouza keki na kahawa baada ya ibada ya Jumapili. Kule, mlipa kodi akitoa pauni 1 na kujaza fomu yake, serikali inaongeza peni 25 juu. Kwa hiyo kila kitu lazima kiwe na karatasi, na nusu ya kazi yangu ni kuitafuta karatasi hiyo mahali ambapo hakuna anayeandika risiti.

Saa 12 asubuhi

Sala fupi mbele ya ghala, kwa Kireno, kisha wimbo kwa Kimakua. Mimi ni Mmakua wa Masasi, nimebatizwa Mtandi, na Kimakua changu bado kinawachekesha wenyeji. Padre hunitania kwamba nakizungumza kama mtu aliyejifunza kwa bibi wa bibi yake, na kweli wazee wetu walivuka Ruvuma kutoka huku.

Tunapakia. Mahindi, karanga, kunde, na majembe yasiyo na mipini, kwa sababu mpini kila mtu anachonga mwenyewe. Majembe yakitoka tu ghalani, padre lazima asimulie habari ya Askofu Dinis Sengulane wa Lebombo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha mwaka 1992, bunduki zikabaki zimefukiwa mashambani na chini ya vitanda. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, Sengulane akiwa mbele, likaanza kupokea silaha na kutoa jembe, baiskeli, cherehani au mabati. Bunduki zilikatwakatwa, na vipande vingine vikaangukia mikononi mwa wachongaji wa Maputo. Mti mzima uliotengenezwa kwa vipande hivyo uko leo kwenye jumba la makumbusho la British Museum, London. Vijana wa kupakia wameisikia habari hii mara nyingi mno, lakini kuna mmoja mgeni, kwa hiyo tunaisikia tena yote.

Saa 1 na nusu

Barabara. Lami kidogo, kisha vumbi jekundu katikati ya ile milima ya mawe ya Nampula inayochomoza peke yake tambarare. Ni msimu wa maembe, na watoto wamepanga mafungu kando ya njia. Dereva anasimama kununua ndoo nzima. Namwambia, "Kaka, tumechelewa." Ananijibu, "Dada, embe haliingii kwenye ripoti yako," na anaendelea kuchagua.

Yeye ni Mkatoliki, na njiani ananiuliza Waanglikana wametokea wapi. Namwelezea kwa kifupi, kwa sababu historia hii inapita kwetu. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, walipanda hadi Magomero, kwenye Malawi ya leo, mwaka 1861, wakashindwa na homa na vita vya watumwa, askofu wao Mackenzie akafa mwaka uliofuata, na mwaka 1864 wakahamia Zanzibar. Kutokea Zanzibar wakaja Masasi mwaka 1876, kisha Ziwa Nyasa, kisiwani Likoma na Messumba, na huko ndiko Uanglikana wa kaskazini mwa Msumbiji ulikoanzia. Kusini ni habari nyingine: dayosisi ya Lebombo ilianzishwa mwaka 1893 na kwa miaka mingi ilitazama Afrika Kusini. Pande hizo mbili zilikuwa chini ya Cape Town hadi tarehe 24 Septemba 2021, Msumbiji na Angola zilipopewa jimbo lao wenyewe. Dereva anauliza kama Papa alikubali. Namwambia hatukumuuliza.

Saa 3

Tumefika kwenye kigango, wilaya ya Meconta. Kanisa ni kuta za matofali ya kuchoma na nusu ya paa. Nusu nyingine ilikwenda na upepo. Msimu uliopita kaskazini ilipigwa na vimbunga vitatu katika muda wa miezi mitatu: Chido tarehe 15 Desemba 2024, Dikeledi tarehe 13 Januari 2025, Jude tarehe 10 Machi 2025. Ukiuliza kwa nini mkulima mzoefu anapanga foleni kupokea mbegu, jibu liko hapo. Mbegu huwekwa kutoka mavuno ya mwaka uliotangulia. Mavuno yakilala chini ya maji, hakuna cha kuweka.

Juu ya hayo wapo waliokimbia vita vya Cabo Delgado, vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Serikali iliwafungulia makazi hapa hapa Meconta, kule Corrane. Wengine baadaye waliondoka kambini na kuomba vipande vya ardhi kwa wenyeji, na hao ndio wengi leo.

Kabla mfuko haujafunguliwa, orodha inasomwa kwa sauti, jina baada ya jina, mbele ya mwene, ambaye ndiye chifu, apwiyamwene, yaani mama mkubwa wa ukoo, shehe wa msikiti wa jirani na padre. Orodha ikipitia kwa padre peke yake, kesho utasikia mbegu ni za wabatizwa. Wengi wa wanaopokea leo ni Waislamu, na shehe ndiye anayemjua mjane yupi ameachwa na watoto na yupi ana mtoto wa kiume dukani Nacala. Amefuta majina mawili bila kupepesa macho. Moja ni la shemeji yake.

Ugomvi unazuka, kama kawaida, kutoka kwa kijana wa hapa hapa. "Hili kanisa ni la wakimbizi tu?" Mwene anamwacha amalize, kisha anamsomea: karibu nusu ya majina ni wenyeji. Tulilibishania sana jambo hilo na Uingereza. Barua za kuomba fedha zilisema "waliokimbia vita", na mhazini alitaka fedha ziende kwa waliokimbia vita. Lakini mwenyeji aliyemkatia mgeni robo ya shamba lake, naye kimbunga kikamkomba, ukimruka atamwambia mgeni afungashe. Nimeshaona vijiji ambako mashirika makubwa yaliwapa wageni peke yao. Shamba lilirudishwa kwa mwenyewe kabla mahindi hayajabeba.

Saa 5

Kipindi cha maji. Mvua zikianza, kipindupindu hakikawii. Tumeleta chupa za Certeza, dawa ya klorini ya kutibu maji inayouzwa nchi nzima, na hapa ndipo ninapokuwa mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Nampula kuna watu wanaoamini kwamba wanaoleta dawa ya kipindupindu ndio wanaoleta kipindupindu chenyewe. Wahudumu wa afya wamepigwa kwa ajili hiyo, viongozi wa mitaa wamechomewa nyumba. Tarehe 7 Aprili 2024 watu wa Lunga walijazana kwenye mashua ya uvuvi, wengi wakikimbia uvumi huo, wakielekea Kisiwa cha Msumbiji. Mashua ilizama na karibu watu 100 walikufa, wengi wao watoto.

Kwa hiyo sina bango wala kipaza sauti. Maji yanachotwa kisimani kwao, kwa ndoo yao, dawa inatiwa na binti wa apwiyamwene, na tunasubiri nusu saa tukila maembe ya dereva. Anayekunywa kwanza ni mwene, kisha shehe, kisha mimi. Mtu wa afya kutoka wilayani alipendekeza tuokoe muda kwa kugawa chupa pamoja na mbegu. Nilikataa. Chupa iliyogawiwa hivyo inatupwa njiani, au inazua maneno.

Saa 6 na nusu mchana

Mgao. Akina mama wa Umoja wa Mama wameshika mizani na hawachezewi. Vitambulisho vya wengi viliungua pamoja na nyumba, kwa hiyo tunatumia dole gumba na shahidi. Wino unapaka kila kitu, mpaka kitambaa changu cha kichwa.

Katikati ya foleni, bibi mmoja wa Mocímboa ananisikia nikimuita dereva kwa Kiswahili.

"Wewe mwanangu wa wapi?"

"Masasi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Masasi nimefika. Mume wangu aliuza samaki wakavu huko."

Kiswahili chake ni cha pwani, safi kuliko changu. Anapokea karanga na kunde, lakini mfuko wa mahindi anauangalia tu. Alichopewa kulima ni mchanga mtupu, ananiambia, na mahindi mchangani ni kulisha panya. "Mngeleta muhogo." Nyuma yake mama mwingine anaitikia, kisha mwingine. Mahindi wanayapokea, maana hakuna anayekataa chakula, na najua fika kwamba mengine yataingia chunguni wiki hii.

Saa 8

Tunakula sima ya muhogo na matapa, kisamvu kilichopikwa na karanga na nazi. Napitisha haraka hapa kwa sababu nilikula kupita kiasi na mkutano wa kamati uliofuata siwezi kuusimulia kwa uhakika. Walikubaliana kuhusu kufuli la ghala.

Saa 9

Padre ananipeleka kwenye shamba la mzee mmoja ng'ambo ya kijito. Muhogo wake umesimama vizuri kwenye mchanga ule ule. Ni Nikwaha, aina iliyoenezwa Nampula kwa sababu inavumilia michirizi kahawia, ugonjwa unaoozesha mzizi ardhini huku majani yakikudanganya kwamba mambo ni salama. Watu wa Mtwara na Lindi wanaujua vizuri. Ubaya ni kwamba unasafiri ndani ya pingili. Ukinunua mzigo wa pingili sokoni bila kujua shamba lilikotoka, unagawa njaa ya mwaka kesho. Kwa hiyo tunang'oa mashina machache, mzee anapasua mizizi kwa panga, na tunaitazama nyama yake: nyeupe mpaka katikati, haina doa la kutu. Anasema anaweza kukata pingili za kutosha nusu ya kigango, na jirani yake nusu nyingine. Bei tunaelewana palepale. Risiti hana, kusoma hajui, ila ana M-Pesa kwa jina la mjukuu wake.

Saa 11 na nusu jioni

Jua linazama na sisi bado tuko kwenye vumbi. Hatutembei usiku, hiyo ni amri ya ofisi na naiunga mkono, lakini leo imetubana. Dereva anaendesha bila neno hadi taa za mji. Mawingu yamekusanyika upande wa bahari. Wenyeji wanasema mvua ya kupandia haijafika bado, ile iliyonyesha wiki iliyopita ilikuwa ya kudanganya.

Saa 2 usiku

Umeme upo, intaneti ipo kiasi. Ninapiga picha kila ukurasa wa madole gumba. Kisha simu ya video na wadhamini. Kwao ni saa 12 jioni na wote wamevaa masweta.

Wanataka kwanza kujua kuhusu paa la kanisa. Nawaambia ukweli: waumini wenyewe wamesema paa lisubiri hadi baada ya kupanda, na barua ya kamati nimeituma. Kisha naomba fedha zilizobaki kwenye fungu la mahindi zihamie kwenye pingili za muhogo, wiki hii, kabla mvua ya kweli haijashika. Hapa ndipo ninapolipenda shirika dogo. Shirika kubwa lingenijazisha fomu ya kubadili bajeti, fomu ingezunguka ofisi tatu, na jibu lingefika Februari, wakati pingili zimekwisha kukauka.

Mhazini anauliza swali lake. "Huyu mzee atatupa hati gani?" Namjibu: dole gumba lake, saini za mwene na padre, ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mjukuu, na picha ya shamba kabla na baada ya kukatwa. Ananyamaza, anaandika. Anauliza tena kwa nini malipo yaende kwa mjukuu. Naeleza. Anataka barua ya mzee ya kumruhusu mjukuu apokee, nayo iwe na dole gumba. Ni haki yake kuuliza, na barua nimeanza kuiandika tukiwa bado tunaongea. Mwenyekiti anauliza kama kuna asiyekubali. Hakuna. Mama mmoja mdhamini anataka kujua muhogo unapikwaje, na hilo linachukua dakika nyingi kuliko bajeti.

Fedha zitaingia Jumanne. Lori nimelishika kwa Jumatano, na padre amewatumia ujumbe akina mama wa mizani waje na mapanga badala ya ndoo.