Minazi sita nyuma ya jiko

"Lemahe ora isa, Nduk. Wite isa." Ardhi haiwezekani, mwanangu. Miti inawezekana.

Ibu, mama mkwe wangu, alisema hivyo Jumanne asubuhi huku akipeta mchele, hata macho hakuyatoa kwenye ungo. Nami nikajibu "nggih, Bu" na kuendelea kukuna nazi. Tangu hapo maneno hayo yananizunguka kama mbu aliyeingia chandaruani. Nggih ya huku Java, Indonesia, nilishawaeleza, si lazima iwe ndiyo. Mara nyingi ni "nimesikia". Mtu ananipa minazi sita, mimi namwambia nimesikia.

Usiku nikaanza kuyasikia maneno yale kwa ubaya. Ardhi ina wenyewe. Wewe mgeni, shika vilivyoota juu yake.

Kwamba ardhi haiwezekani si habari mpya. Kifungu cha 21 cha sheria ya ardhi ya 1960 kinasema hak milik, yaani umiliki kamili, ni wa raia. Mgeni akiupata kwa kurithi au kwa mali za ndoa kuchanganyika, ana mwaka mmoja wa kuuachia, la sivyo ardhi inakuwa ya dola. Wanaoniuliza kuhusu kuolewa huku washike hili: shamba alilorithi mume ni lake, haliingii kwenye mali ya ndoa. Lililonunuliwa baada ya ndoa ndilo lenye kesi, kwa sababu ni la wote wawili na mmoja wao haruhusiwi. Dawa yake ni mkataba wa kutenganisha mali. Zamani ulikuwa lazima ufanywe kabla ya kufunga ndoa, hadi Mahakama ya Katiba ilipofungua mlango mwaka 2016 ukaruhusiwa hata baadaye. Mimi na mume wangu, Baba Salma, tuna miaka tisa ya kusema "mwezi ujao".

Siku mia tangu Mzee, baba mkwe wangu, afariki zilitimia Alhamisi, vikapu vya wali vikatoka, wasomaji wakasoma, na Ijumaa watoto wake watatu wakakaa kugawana.

Kanuni ya zamani wanaiita sepikul segendongan: mwanamume anabeba mzegazega, mizigo miwili, mwanamke anabeba mmoja wa mgongoni. Nyumba nyingi siku hizi hugawa sawa kwa sawa, na yetu pia. Nyumba yenyewe anabaki nayo kitinda mimba, kwa kuwa ndiye anayekaa na Ibu. Hapo hapakuchukua hata dakika tano. Kilichowakalisha mpaka Isha ni shamba la mpunga.

Shamba ni ubin 200, na ubin ni karibu mita za mraba 14, kwa hiyo 2,800: upana mita 40, urefu 70, mfereji unapita upande mfupi wa juu. Ukilikata kwa urefu, kila mmoja anagusa mfereji na hakuna wa kumwomba mwenzake maji. Lakini unapata vipande vyembamba vya mita 13, trekta la mkono linageuza kila baada ya dakika, na unahitaji matuta mawili mapya ya mita 70. Tuta la kupitika kwa miguu halipungui sentimita 40. Hesabu: ubin mbili kila tuta, ubin nne zimekwenda na hazitaota hata shina moja. Ukilikata kwa upana, matuta yanakuwa mafupi na vipande vinakaa vizuri, ila wa kati na wa chini wanakunywa maji yaliyopita kwa kaka yao. Mwaka wa mvua hakuna neno. Mwaka wa kiangazi ulu-ulu, mgawa maji wa kijiji, anakupa saa zako usiku, na aliye juu akisahau kufungua kwake, umelala njaa. Hapo sijataja jirani anayenyoa tuta kwa jembe kila akilima, sentimita tatu leo, tano msimu ujao. Ndiyo maana pembe zote za shamba sasa zina nguzo za zege.

Mwisho wakakubaliana wasikate kabisa. Watalima kwa zamu, mwaka mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Mwenye zamu analipa kodi ya ardhi na anarudisha matuta yakiwa mazima. Akiangukiwa na mwaka wa wereng, wale wadudu wa kahawia wanaofyonza mpunga hadi unakauka kama umechomwa, hiyo ni bahati yake, hakuna kufidiana. Binafsi naona ndiyo njia yenye akili kwa shamba dogo, ingawa kaka mkubwa alinuna kidogo.

Ni katika makaratasi hayo ndipo nilipoambulia kitu. Shamba la mpunga Mzee alilipata kwa babake, linaitwa asal, likarudi kwa watoto wake moja kwa moja. Kiwanja cha nyumba hakikuwa hivyo. Alikinunua pamoja na Ibu kwa fedha za ng'ombe, kwa hiyo ni gono-gini, mali ya wawili, na nusu yake ni ya Ibu kabla watoto hawajafungua kinywa. Minazi ipo nyuma ya jiko, kwenye nusu hiyo. Sikupewa masalio ya Mzee. Ibu alichota kwenye fungu lake, siku tatu kabla ya kikao, wakati hakuna aliyekuwa amemwomba.

Na mtu wa Pemba ndiye wa kufundishwa kwamba shamba na mti ni vitu viwili? Kwetu ardhi ya huyu ina mikarafuu ya yule, na watu wanazikana. Hapa ni vilevile, hata nyumba: ya mbao inafunguliwa nguzo kwa nguzo, inauzwa, kiwanja kinabaki.

Minne kati ya sita inagemwa kwa sukari. Mgema anapanda asubuhi na jioni, anakata karara wembamba wa kucha, anafunga chombo chenye chokaa kidogo ndani. Mgema wa pwani anangoja tembo lichachuke. Wa huku anapigana lisichachuke. Chombo kisiposuuzwa kwa maji ya moto, au mvua ikiingia, unachemsha saa tano na kuni zote zile, halafu sukari inakataa kuganda kwenye vifuu. Lita saba hivi ndizo kilo moja. Tunagawana na mgema nusu kwa nusu, zamu yake na zamu yangu. Zamu yangu! Nimeandika bila kufikiri.

Mti hauna hati. Kwa hiyo Baba Salma ataandika karatasi yenye stempu ya rupia 10,000, Ibu atie dole gumba, shemeji na dukuh, mkuu wa kitongoji, wawe mashahidi, ijulikane kwamba kiwanja kikiuzwa siku moja minazi haimo kwenye bei. Sijauliza mnazi ukifa kama nina ruhusa ya kupanda mwingine kwenye shimo lilelile. Nitauliza baada ya kushukuru, na kwa krama safi, Kijava cha heshima, siyo nggih tu.

Si leo. Ng'ombe wa jirani tunayemlea kwa nusu ya ndama yuko siku ya 289 tangu sindano, na mbegu ilikuwa ya Simmental, aina ya ng'ombe wenye ndama wakubwa, naye nyonga zake ni za kienyeji. Mkia ameuinua tangu Magharibi. Mantri, mganga wa mifugo, kasema chupa ikishapasuka nihesabu saa mbili; kama sijaona kwato mbili na pua, nimpigie. Imepasuka saa nne kasorobo. Sasa ni saa tano na nusu, na ninachokiona ni kwato moja.