Nilivyoionja bia nzito ya Wajerumani hapa Dodoma

Ukiagiza bia Dodoma, swali la kwanza la mhudumu ni "ya baridi au ya moto?" Wengi wetu tulishachagua upande tangu ujana. Mimi ni wa baridi, ile chupa inayofika mezani inatoka jasho. Baba yangu mdogo, mstaafu wa Ilazo, ni wa moto na hataki mjadala. Bia ninayotaka kuisimulia leo haipo upande wowote kati ya hizo mbili. Inaitwa doppelbock, lager ya rangi iliyokolea ya kusini mwa Ujerumani, nzito, yenye kimea kingi, na inataka kunywewa ikiwa na nyuzi 8 hadi 12 hivi. Kuipata, kuifikisha kwenye nyuzi hizo katika mji wenye jua kama huu, halafu kuionja nikiwa na akili zangu timamu mpaka niandike kitu kinachoeleweka, ilikuwa kazi. Nieleze nilivyofanya, maana kuna watu wameniuliza.

Chupa nililetewa na binamu yangu aliyekuwa masomoni Munich. Wengine waliagiza chokoleti na viatu, mimi nikamwambia, "Kaka, mimi niletee bia zenye kimea." Akaja na aina mbili: Celebrator ya kiwanda cha Ayinger, kilichopo katika kijiji cha Aying karibu na Munich, na Salvator ya Paulaner. Celebrator hata umeme ukikatika utaijua kwa kupapasa, kwa sababu shingoni mwa chupa ananing'inia mbuzi mweupe wa plastiki, mdogo kama kidole. Mtoto wa dada yangu alimchukua yule mbuzi kabla sijafungua chochote, na mpaka leo sijui amemfuga wapi.

Kabla ya kwenda mbali, angalia kilevi. Celebrator ni asilimia 6.7, Salvator ni 7.9. Safari tunayoijua ina 5.5 na Kilimanjaro ina 4.5. Kwa hiyo nusu lita ya Salvator imebeba kilevi kinachokaribia mililita 40, wakati nusu lita ya Kilimanjaro inabeba kama 22. Ukimaliza moja umekaribia Kilimanjaro mbili, na ulimi haukupi taarifa mapema kwa sababu utamu unauficha ule ukali. Ndiyo maana niliamua toka mwanzo kwamba chupa moja wataonja watu watatu, yaani mimi, baba mdogo na binamu, na pikipiki ingebaki nyumbani.

Watu wakisikia bia kali wanadhani imeongezwa spiriti. Hapana, nguvu yake inatoka kwenye kimea. Bavaria wana sheria ya bia ya tangu 1516, na lager za aina hii zinapikwa kwa maji, kimea cha shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na hamira, basi. Anayetaka bia kali anaongeza kimea. Kabla bia haijachachuka inakuwa maji matamu ya kimea, togwa yao kwa maneno mengine, na wapishi wanapima uzito wake. Togwa ya lager ya kawaida inaanza na nyuzi 11 au 12 hivi za kipimo chao. Ya doppelbock inaanzia 18, yaani katika kila gramu 100 za togwa ile, gramu 18 ni sukari na vitu vingine vilivyotoka kwenye nafaka. Hamira inakula sehemu kubwa na kuigeuza kilevi, inayobaki ndiyo ule uzito unaousikia mdomoni.

Hapa ndipo nadhani mtu wa Dodoma ana faida kuliko anavyojua. Bibi yangu mzaa mama, kule Mvumi, alikuwa anapika pombe ya mtama. Aliloweka mtama, akaufunika mpaka ukachipua, akauanika juani juu ya mkeka, akausaga. Nimekua naijua harufu ya kimea kizuri na nimekua naijua harufu ya kimea kilichovunda kwa sababu mtu aliona uvivu kukigeuza. Mjerumani anafanya yaleyale kwa shayiri, ila yeye hategemei jua. Kimea kinachoitwa cha Munich hukaushwa kwa hewa ya moto inayofika nyuzi 100 hivi mwishoni, na ni kwenye joto hilo rangi ya kahawia na harufu ya ganda la mkate vinapoanzia. Wapishi wengine huchota sehemu ya ule uji wa kimea, wakauchemsha pembeni, wakaurudisha kwenye sufuria kubwa, jambo linalozidisha rangi na ladha hiyo. Baada ya hapo njia zinaachana kabisa. Pombe ya bibi ilinywewa ndani ya siku chache, bado inatoa mapovu. Lager inachachuka kwenye baridi ya nyuzi kama 10, kisha inalazwa karibu na sifuri kwa wiki nyingi, hata miezi, mpaka makali yote yatulie.

Turudi kwenye chupa. Zilikuja Dodoma kwa basi kutoka Dar, na jambo lililonisumbua kichwa ni joto na jua. Mwanga unaharibu hopsi na kuipa bia harufu ya kukera, ndiyo sababu chupa nyingi za bia ni za kahawia. Joto nalo linaizeesha, inaanza kuonja kama boksi lililolowa. Nilimwambia binamu azifunge kwenye nguo katikati ya begi, begi likae naye ndani, lisiwekwe kwenye buti. Kuna hadithi Wajerumani wanaipenda: watawa wa Munich walipika bia nzito ya kunywa wakati wa mfungo wa Kwaresima, wakaona afadhali wamwombe Papa ruhusa, wakamtumia pipa Roma. Safari ilikuwa ndefu na ya joto, bia ikachacha njiani. Papa alipoionja akaona anayekunywa kitu hiki anatubu vya kutosha, akaruhusu. Kama ni kweli au si kweli shauri yao, ila watawa wenyewe walikuwepo, wa shirika la Mtakatifu Fransisko wa Paola, na jina Paulaner limetoka kwao. Salvator ndiyo mama wa aina hii yote. Viwanda vingine vilivyoiga vikaona viite bia zao majina yanayomalizika vivyo hivyo: Celebrator, Optimator, Maximator, Triumphator. Na Munich mpaka leo wana msimu wa bia kali wakati huohuo wa Kwaresima.

Chupa za kwangu hazikuchacha. Niliziangalia tarehe, nikazisimamisha kwenye kabati lenye giza, nikasubiri Julai.

Kwa nini Julai? Kwa sababu Dodoma ya Julai usiku unavaa sweta. Upepo unavuma, na saa mbili usiku bia iliyotoka kwenye friji haikimbilii kuwa ya moto kama ingefanya Novemba. Friji ya nyumbani inapoza mpaka nyuzi 4 hivi, na hapo doppelbock imefungwa mdomo. Nikaazima kipimajoto cha jikoni kwa jirani anayeoka keki. Nikatoa chupa, nikamimina kidogo papo hapo, nikaacha zilizobaki mezani barazani, na kila baada ya muda nikapima na kumimina tena. Novemba zoezi kama hili ungelifanya mbio mbio.

Glasi nilitumia za mvinyo. Mji wa zabibu huu, glasi za mvinyo hazikosekani nyumbani hata kwa mtu asiyekunywa mvinyo, na tumbo lake pana linashika harufu vizuri kuliko glasi ndefu za baa. Chupa nilizifunga kwa gazeti, nikaongeza na Safari moja nayo imefungwa, ili ba'mdogo asije akahukumu karatasi badala ya bia. Kitimoto kilikuwa jikoni, lakini niliweka sharti kwamba hakiletwi mpaka tumalize kuonja. Pilipili ikishapita ulimini, kuonja kumekwisha.

Tukaanza na Safari, kusudi tuwe na kipimo tunachokijua. Kisha Celebrator.

Ikiwa ya baridi kali ilinikatisha tamaa kidogo. Rangi ilikuwa nzuri, nyeusi ukiitazama mezani, lakini ukiinyanyua kwenye taa pembeni inaonyesha wekundu wa maji ya rozela. Povu la rangi ya maziwa ya chai. Harufu, karibu hakuna. Mdomoni utamu kidogo, uchungu wa kuungua kwa mbali, imepita. Ba'mdogo akaniangalia. "Ndiyo hii uliyoisubiri miezi yote?"

"Subiri, ba'mdogo. Haijaamka."

Kipimajoto kiliposoma 9 nilimimina mara ya pili, na hapo mezani pakawa na ukimya. Harufu ilikuwa ya ukoko, ule wa wali ulioshika rangi chini ya sufuria bila kuungua. Nyuma yake tende, sukari guru, na kahawa kidogo sana. Mdomoni inaingia nene lakini hainati. Utamu unatangulia, katikati inakuja ladha ya ganda la mkate mweusi, halafu, na hili ndilo lililonishangaza, inamaliza kavu. Ulitarajia utamu ubaki kwenye meno kama soda, haubaki. Hopsi haisikiki kama ladha, kazi yake ni kuukata ule utamu mwishoni. Gesi ni ndogo, laini. Nilimeza, nikahesabu pumzi, na kimea bado kilikuwepo.

Ba'mdogo alizungusha glasi kama mtu anayekagua mafuta ya taa. Akanusa tena. "Hii bia imepikwa na mtu mzima," akasema.

"Unasikia nini?"

"Kimea. Kimekaushwa vizuri, wala hakikuvunda. Mama angekunywa hii."

Mama yake ni bibi yangu mzaa baba, naye alikuwa mpishi wa pombe. Maoni yangu yote ya kitaalamu niliyokuwa naandika kwenye daftari yaliingia ndani ya sentensi zile.

Mmimino wa mwisho nilisubiri mpaka ikafika nyuzi 17, kwa ajili yake yeye wa moto. Hapo mimi naona bia imepoteza mpangilio. Kilevi kinajitokeza puani, utamu unakuwa wa dawa ya kikohozi, ukavu wa mwisho unapotea. Ba'mdogo aliimaliza bila malalamiko, lakini nilimwona anakodolea macho glasi ya binamu iliyokuwa bado na baridi yake.

Salvator ni tabia nyingine. Si nyeusi, ni ya shaba iliyokolea, unaona vidole vyako upande wa pili wa glasi. Harufu yake ni ya karameli na mkate uliotoka kwenye oveni, hakuna kahawa. Zabibu kavu zipo, na sisi tunaoishi na zabibu tunazijua: zile nyeusi zilizokauka mpaka zikakunjamana. Ni tamu zaidi, na ile asilimia 7.9 unaisikia kifuani kama joto, taratibu, baada ya kumeza. Binamu alisema hii ndiyo doppelbock yenyewe na ile nyingine inajifanya. Mimi nilichoka nayo kabla glasi haijaisha. Si kwamba ni mbaya. Ni bia ya kunywa kidogo ukiwa na chakula, na peke yake utamu wake ulinizidi.

Chakula kilipofika kiliipa binamu hoja. Kitimoto cha rosti, kimekauka pembeni, kimepata ule wekundu wa mafuta, pamoja na ndizi za kuchoma. Salvator ikakutana na mafuta ya nguruwe na utamu ukapata kazi ya kufanya. Ndizi iliyoungua kidogo ngozini inashirikiana na karameli ile vizuri mno. Wajerumani wenyewe wanainywa na nyama ya nguruwe, na sasa naelewa sababu. Ila weka pilipili mbali, na ndimu pia. Ndimu inaifanya bia ionekane kama maji ya chuma.

Celebrator nilikuja kuijaribu siku nyingine na mbavu za mbuzi kutoka mnada wa Msalato, choma tupu, chumvi tu. Ule moshi wa mkaa na ile ladha ya ganda la mkate vilipatana kuliko nilivyowahi kupatanisha bia na nyama yoyote. Wanaoenda Msalato Jumamosi wanajua nyama ile ilivyo. Funga kilo moja, rudi nayo nyumbani ingali na joto, na bia iwe imeshatolewa kwenye friji kama nusu saa hivi ikiwa ni kipupwe, robo saa au pungufu ikiwa ni msimu wa joto.

Ukiuliza alama, Celebrator nimeipa 9 kwa 10. Nimepunguza moja kwa sababu inadai ulinzi wa joto ambao hapa kwetu ni wa kuutafuta, na mtu akikupa ikiwa ya baridi kali utadhani umedanganywa. Salvator nimeipa 7 ikiwa peke yake, 8 na nusu ikiwa na kitimoto. Safari iliyofungwa kwenye gazeti ba'mdogo aliitambua kwa funda la kwanza, akaipa 10 bila kufikiri, na hakutaka kuulizwa kwa nini. Binamu bado anaishikilia Salvator yake, na amesema akienda tena Munich ataniletea moja ya kiwanda cha tatu ili tumalize ubishi. Nimemwambia alete mbili, moja ya ba'mdogo.