Kizimba cha kenge katika baridi ya Arusha

Nilipoanza kujenga kizimba cha kenge nyuma ya nyumba yangu huku Moshono, hofu yangu yote ilikuwa asije akatoroka. Nilinunua wavu mzito kuliko uliohitajika, nikamwaga zege sakafuni, nikafunga makomeo mawili kwenye mlango mmoja, kisha nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi. Ilinichukua miezi kadhaa, na nusura nimpoteze mnyama mwenyewe, kuelewa kwamba nilikuwa nimejenga gereza zuri sana lisilo na joto.

Huyu si kenge wa maji tunayemwona kando ya mito. Ni kenge wa nchi kavu, yule mwenye koo jeupe ambaye wanasayansi humwita *Varanus albigularis*, anayeishi nyikani kwenye vichuguu na mashimo ya miti, na ambaye akikomaa hupita urefu wa mita moja. Alifika kwangu akiwa na mguu wa nyuma uliovunjika baada ya kugongwa na pikipiki kwenye barabara ya Makuyuni. Mfupa uliunga ukiwa umepinda, na daktari wa mifugo aliyemtibu akaona kwamba hataweza tena kupanda mti wala kumkimbia mbwa. Kwa kuwa nilikuwa tayari na kibali cha kutunza kobe, niliombwa nimchukue, lakini sikumleta nyumbani mpaka karatasi zake zilipotoka, kwa sababu Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumwokota mnyamapori njiani na kumfanya wake. Asiye na kibali asianze kununua mbao.

Kizimba cha kwanza kilikuwa banda la zamani la kuku, ambalo nililiongezea wavu na kuliezeka kwa bati la plastiki linalopitisha mwanga, nikiamini kwamba kwa kufanya hivyo nimempatia jua na kumkinga na mvua kwa wakati mmoja. Kuanzia Januari hadi Machi mambo yalikwenda vizuri. Binti yangu alimpa jina la Bwana Shamba kwa jinsi alivyochimbachimba kona zote akitafuta udongo chini ya zege, na mimi nikacheka bila kujiuliza kwa nini anachimba.

Kisha ukaingia mwezi wa sita. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwenyeji yeyote anajua jinsi mawingu yanavyoweza kuufunika Mlima Meru na mji mzima kwa siku kadhaa mfululizo katika majira hayo, watu wakashinda wamevaa makoti. Kenge alianza kulala mchana kutwa. Siku moja alitapika panya niliyekuwa nimempa siku tatu kabla, na panya yule alikuwa bado na manyoya yake yote, kana kwamba tumbo halikumgusa. Hapo ndipo nilipoazima kipimajoto kama kile cha kuelekeza kwenye paji la uso ambacho tulikizoea sana wakati wa korona, ila hiki kilikuwa cha mafundi, chenye kupima joto la vitu. Saa mbili kasorobo asubuhi jiwe lake la kuotea jua lilikuwa na nyuzi 16. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa na nyuzi 16 vilevile. Nilirudia kupima saa saba mchana, jua likiwa limechungulia kidogo, na jiwe halikufika nyuzi 24.

Mwili wa kenge hautengenezi joto la kumtosha kama wetu. Bila kupata joto kutoka nje chakula hakimeng'enywi, bali huoza tumboni, kwa hiyo kumlisha kenge mwenye baridi kwa kumhurumia ni kumdhuru. Niliacha kumpa chakula, nikamhamishia kwa muda kwenye sanduku la mbao lenye taa, nikamwita fundi.

Fundi aliponiona nikifunga taa juu ya jiwe alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mwalimu, huko porini nani anamlipia umeme?" Nilicheka naye, kwa maana swali lilikuwa la haki. Jibu ni kwamba huko porini, kwenye tambarare za chini zenye jua kali, anachagua mwenyewe: asubuhi anapanda juu ya kichuguu kinachopata moto, adhuhuri anaingia shimoni, jioni anarudi kwenye jiwe ambalo bado lina joto. Mimi nilikuwa nimemwondolea uchaguzi huo, kwa hiyo ilinipasa kuurudisha kwa waya na balbu.

Kizimba cha pili kina urefu wa mita 4, upana wa mita 2.5 na kimo cha mita 2. Nusu yake ni chumba chenye kuta mbilimbili za plaiwudi zilizojazwa maranda katikati ili kuzuia baridi, na nusu nyingine ni uwanja uliofunikwa kwa wavu mtupu. Ndani ya chumba, juu ya bamba la jiwe, nimepanga balbu tatu za haloji za wati 80 kila moja kwa mstari mmoja. Balbu moja kubwa ingeunguza sehemu moja ya mgongo na kuacha sehemu nyingine ya mwili ikiwa baridi, na kenge, akihisi bado hajapata joto, angezidi kukaa hapo hapo mpaka apate jeraha. Zimening'inizwa kwa minyororo, nami nilizipandisha na kuzishusha kwa siku mbili mpaka uso wa jiwe ukafika nyuzi 55, huku kona ya mbali ikibaki kwenye nyuzi 27 hivi. Kila balbu imezungushiwa kikapu cha waya, kwani kenge akiruhusiwa kuigusa ataigusa.

Lile bati la plastiki nililiuza. Plastiki ya namna ile, kama ilivyo kioo, hupitisha mwanga wa kuonea lakini huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo humsaidia mnyama kutengeneza vitamini D na kuitumia kalisi ya chakula chake, na bila hiyo mifupa hulegea. Kwa mnyama ambaye tayari ana mguu uliopinda, kosa hilo lilinitia aibu kuliko hata la baridi.

Kazi iliyonipa raha zaidi ilikuwa udongo. Zege nililiacha chini kama sakafu, kisha juu yake nikajaza udongo wenye kina cha sentimita 70, na hizo ni tripu kadhaa za gari dogo la mizigo, si ndoo. Udongo wa bure kutoka bustani ya mboga ya jirani niliukataa kwa adabu kwa sababu ya dawa zinazopuliziwa humo. Nilileta udongo wa kichuguu kutoka upande wa Kisongo, nikauponda na kuuchanganya na mchanga, vipimo vitatu kwa kimoja, kisha nikaunyunyizia maji mpaka ukawa ukifinywa unashikana bila kuchuruzika. Bwana Shamba aliunusa kwa ulimi wake kwa muda wa dakika kumi hivi. Halafu akaanza: miguu ya mbele inakwangua, ule wa nyuma ulio mzima unasukuma nje, mguu mbovu unaburuzwa tu, na kabla ya saa moja kupita kilichobaki kuonekana kilikuwa ncha ya mkia. Alilala shimoni siku mbili. Siku ya tatu alitoka, akapanda jiweni, akajibanza chini ya taa kama chapati kikaangoni, na jioni alikula.

Hatari ambayo sikuifikiria kabisa ilikuja na masika yaliyofuata. Usiku mmoja siafu waliingia, na kama mbwa asingebweka ningemkuta asubuhi ameliwa humo shimoni mwake. Nilimfukua kwa mikono, akinichapa kwa mkia kama fimbo ya mchungaji, siafu wakituuma wote wawili. Sasa msingi umezungukwa na mfereji mwembamba wa maji, ambayo huyabadilisha kila wiki ili nisifuge mbu, na mvua zikianza naongeza majivu ukingoni. Umeme ukikatika, jiwe na udongo huhifadhi joto kwa saa kadhaa. Umeme ukichelewa kurudi kupita hapo, kenge hafanyi lolote zaidi ya kuingia shimoni, nami simlishi mpaka urudi.

Beseni lake la maji ni la kutosha kuzama mwili mzima, na kila nikilisafisha nanawa mikono kwa sabuni, kwa maana wanyama wa jamii hii hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua. Jirani yangu, ambaye mwanzoni alilalamika kwamba kuku wake watakwisha, na akanikumbusha kwamba kenge hasikii mpaka damu imtoke masikioni, siku hizi humtuma mjukuu wake na konokono kutoka kwenye migomba. Mimi huwapokea konokono hao baada ya kuuliza kwanza kama kuna sumu iliyowekwa shambani. Mayai ninayomlisha nimeyapunguza: wiki iliyopita Bwana Shamba alikuwa na kilo 4.6, na tumbo lilikuwa limeanza kuburuzika njiani anapokwenda jiweni.